Albamu Bora Kuliko Zote

Juzi niliona kaseti kuukuu ikiuzwa sokoni Garissa, na alasiri moja ya utotoni pale Iftin ikanirudia. Nyumba ilinukia uunsi na chai ya iliki. Mama na kaka yake, niliyemwita abti, walikuwa wakibishana kuhusu muziki wa roki wenye nyimbo ndefu zinazojaza upande mzima wa kaseti.

"Wallahi, albamu bora ni ile ya kinanda!" alisema abti.

"Wapi! Ni ile ya gitaa!"

Siku hizo albamu niliyoijua ilikuwa ya picha tu. Nikakimbia chumbani, nikaileta yetu.

"Bora ni hii!"

Wakacheka, wakaifungua.

"Hii ya harusi imeshinda zote," abti alisema.

"Wapi! Ya Idi!"

Ubishi ukaanza upya, nami nikipiga kelele kuwazidi wote wawili.