Mafuta ya Mguu wa Zenabu

Mtanicheka, lakini nisikilizeni kwanza. Hapa Kibra, mtu akipasuliwa na daktari Mzungu tunasema amekatwa. Mama yangu alikatwa tumbo, na tumbo lake analo mpaka leo. Basi binti ya rafiki yangu Zenabu alipokuja kuniita, akasema, "Mama amekatwa mguu, anaumwa sana," mimi mkandaji nikapasha mafuta ya simsim, nikaenda kwa mbwembwe.

Zenabu alikuwa kitandani, kajifunika blanketi. Huyo ndiye aliyetushinda sote kucheza doluka, ngoma yetu ya harusi.

"Dada, mguu upi?"

"Wa kushoto."

"Huo nitaukanda mpaka ucheze doluka kwenye harusi ya binti yako!"

Akageukia ukutani. Nikadhani ni maumivu. Nikajipaka mafuta, nikaingiza mikono chini ya blanketi. Nikakuta godoro. Nikapapasa juu, nikapapasa chini, na domo langu halinyamazi.

"Zenabu, mguu umeuficha wapi?"

Akanishika mkono ulioloa mafuta, akauweka pale pale penye godoro tupu.

"Hata mimi huutafuta hapo kila nikiamka," akasema.