Machozi Katika Darasa la Kilatini

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, na kila nikiikumbuka damu inanichemka upya.

Nilikuwa mwanafunzi wa seminari kule milimani, juu ya Same. Sabuni ilikuwa ya foleni, mitumba ndiyo kwanza inaanza kujaa sokoni, na sisi tunasoma Kilatini. Cheka tu. Mimi nilikipenda. Mmoja wetu angepelekwa ng'ambo kuendelea nacho, na Mwalimu Senzota aliyetufundisha alikuwa amenitaja mimi.

Akaja msomi mgeni kutupima. Akanipa maneno yaliyochongwa kwenye kaburi la kale la Kirumi: mama anamuaga binti yake mdogo. Mwezi uleule tulikuwa tumemzika mdogo wangu wa kike, Nakijwa, aliyekufa kwa surua. Nilitafsiri vizuri mpaka mwisho, ndipo sauti ikakatika na machozi yakanitoka mbele ya darasa zima.

"Unalia nini, kijana?" mgeni akaniuliza. "Makaburi yao mengi yana maneno hayohayo. Ni mazoea tu, hakuna hisia humo."

"Samahani, mzee," nikamjibu. "Kwetu Upareni, msibani kila mtu anasema pole. Neno lilelile, asubuhi mpaka jioni. Mama yangu alizipokea zote, na hakuna aliyemwambia kuwa ni mazoea tu."

Weee! Alipiga meza mpaka chaki ikaruka. Mishipa ya shingo imemsimama, anafoka kwamba katika elimu ya mambo ya kale hisia hazina nafasi. Hebu mtazame! Mtu anatetemeka kwa hasira huku anasema hisia hazina nafasi. Machozi yangu yakawa utoto, hasira yake ikawa elimu. Nafasi yangu ya masomo ikapotea palepale.

Mwalimu Senzota alinifuata nje. Hakunibembeleza.

"Unadhani maandishi ya kale yametufikiaje?" akasema. "Kuna watu waliyanakili kwa mkono mpaka macho yakaharibika. Wengine waliyapenda, wengine waliwaonea wivu wenzao wakataka kuwapita. Wangekuwa wakavu anavyotaka yeye, leo angesoma nini? Ila na wewe, ukishamaliza kulia, rudi kwenye kamusi."

Nilishuka bondeni, Ndungu, nikalima mpunga. Kamusi ninayo mpaka leo.

Sasa juzi umekuja kuniambia kwamba huko chuoni mnafundishwa kuwasoma watu wa kale bila moyo. Bado wapo! Usiwakubalie, mwanangu. Anayejisifu kuwa hana hisia, mtazame vizuri mtu akimpinga. Wewe soma na moyo wako wote, kisha rudi upime neno kwa neno, usije ukawa umejisoma mwenyewe ukadhani umemsoma mwenzako. Na wakikucheka, waache wacheke.

Mungu akupe macho ya kuyaona maandishi pamoja na mkono ulioyaandika. Akujalie ufike kule nilikozuiwa mimi. Na siku utakayosimama mbele ya kaburi lile, mwambie yule mama pole, ya kwako na ya kwangu.