Mwandiko wa Mke wa Profesa

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa namtunza mzee mmoja Mpolandi, katika mji wa Falls Church, Marekani, ghorofa ya nne. Enzi zake alikuwa profesa wa Kigiriki cha kale na Kilatini. Mimi, mpika uji na mwosha miguu, nilimwona kituko: mtu mzima anamaliza miaka arobaini akitunga kamusi ya lugha usiyoweza kununulia hata nyanya!

Kamusi yenyewe ilikaa kwenye maboksi ya viatu. Kadi maelfu, kila moja na neno lake la Kigiriki na maana yake kwa Kipolandi. Waliianza kwao yeye na mkewe: yeye anasoma vitabu, mke anaandika kadi. Kisha akapata kazi ya kufundisha Marekani, serikali yao ikamnyima mke pasipoti. Kadi zilimfuata kidogo kidogo, kwa mikono ya wasafiri. Mke hakufika. Alifia huko.

Macho yalipomfifia, kila asubuhi profesa aliomba boksi moja, akatoa kadi moja moja na kuzisogeza mpaka puani. Nilidhani anahangaika kusoma, roho ikaniuma. Mimi nimesomeshwa na masista, mwandiko wangu ni wa kuringia. Basi wiki mbili nzima, akisinzia mchana, nikanakili boksi zima kwa wino mzito; hata zile herufi za Kigiriki nilizichora moja baada ya nyingine. Kadi kuukuu, zenye madoa ya chai, nikazitupa.

Nikampa, nikasubiri asante. Akashika ya kwanza, ya pili, ya tatu.

“Binti, kadi zangu ziko wapi?”

“Ndizo hizo, Profesa. Nimekuandikia upya ili uone vizuri.”

“Maneno haya yote ninayo kichwani,” alisema. “Nilikuwa namtazama yeye.”

Nilishuka ngazi mbio hadi kwenye pipa la taka. Gari lilikuwa limeshapita. Nililia palepale kwenye maegesho, bila aibu. Niliporudi hakunigombeza, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Aliniomba tu boksi jingine.

Jumapili nikampigia mdogo wangu, Singida. Miaka sita barua za mama alikuwa ananiandikia yeye kwa kompyuta, nami nikizisifu kwa usafi. Makaratasi yangu ya uhamiaji yalikuwa hayajatoka; ningeondoka kwenda kumwona, nisingeruhusiwa kurudi.

“Safari hii mama aandike mwenyewe,” nikasema.

“Dada jamani, mkono unamtetemeka! Si nikutaipie tu?”

“Aandike.”

Barua ilichukua mwezi kufika. Karatasi ya daftari, mistari inapanda na kushuka, neno “mwanangu” limekatwa na kuandikwa tena mara mbili. Nilikwenda nayo kazini. Asubuhi hiyo tulikaa mezani, profesa na boksi lake, mimi na karatasi yangu, kila mmoja amesogeza yake mpaka puani. Yangu ilinukia jiko la mama.