Fundi Bushiri na Pijo ya Babu

Kila asubuhi, kabla hajasalimia mtu, Fundi Bushiri alikuwa anafungua boneti ya Pijo na kunusa. Anainama, mikono mgongoni, kama mtu anayechungulia sufuria ya mwenzake, anavuta pumzi mara mbili. Halafu anafunga, anakuja jikoni kwangu na kusema, "Imelala salama. Haya, shikamoo yangu iko wapi?" Akisema "Imeloa", ujue ukungu umeingia kwenye nyaya, na chai yake ataikuta imepoa.

Pijo ilikuwa pikapu ya babu yangu, Anyelwisye. Aliinunua kuukuu, mama yangu hajazaliwa bado, akabebea ndizi na majani ya chai hapa Nkunga miaka yote, na miaka yote fundi alikuwa Bushiri. Bushiri ni mtu wa Tukuyu mjini. Baba yake alikuja na cherehani kutoka Lindi, akawashonea watu mpaka akafa. Yeye cherehani hakuitaka, alitaka magari. Mkewe, bibi Mwanaharusi, alipofariki, babu alishuka mjini na Pijo, akapakia kitanda cha fundi na masanduku yake ya spana bila kumuuliza, akamleta kwetu. Akampa chumba cha uani. Alikaa humo miaka minane.

Walikuwa wanataniana tangu jua halijatoka.

"Mkristo wewe, ukifa nakupakia nyuma kama mkungu wa ndizi."

"Nipakie, ila usinipitishe kwenu Lindi. Mimi nazikwa Masoko."

"Kwa mwendo wa gari yako hii, Lindi tutafika siku ya kiyama."

Lakini habari ya Masoko haikuwa utani. Babu alizaliwa kule, na baba yake amezikwa kule kwenye migomba. Alipoanza kuugua tumbo alimwita fundi, akamwambia akae kitandani. Mimi nilikuwa nakunja nguo.

"Bushiri, nisikilize bila kucheka," babu akasema. "Siku yangu ikifika, nitoke hapa kwenye Pijo, na uendeshe wewe. Sitaki gari la kukodi."

Fundi hakucheka. "Nitakupeleka mwenyewe mpaka kaburini," akasema, "na udongo nitatupa."

Wakapeana mikono.

Ugonjwa wa Pijo siku zote ulikuwa platini, vile vyuma viwili vidogo ndani ya distributa vinavyogusana na kuachana ili plagi zipate moto. Huku kwetu mvua haina likizo. Platini zikawa zinashika kutu, fundi anazisugua kwa msasa kila wiki. Ndipo mjomba Erasto, mtoto mkubwa wa babu anayekaa Mbeya mjini, akaleta kisanduku cheusi cha elektroniki kisichohitaji platini. Fundi alikigeuzageuza mkononi.

"Hiki kinasuguliwa wapi?"

"Hakisuguliwi, baba mdogo. Kinafanya kazi chenyewe."

"Basi mimi nitakuwa nakitazama tu kama mchumba."

Alikifunga mwenyewe, na gari ikawaka vizuri kuliko zamani. Karatasi iliyokuja nacho ilikuwa ya Kiingereza. Fundi aliikunja akaisukuma chini ya kiti. Na mimi nisingeweza kuisoma, shule niliacha kidato cha kwanza. Ila ilikuwa na picha ya waya ulioshikwa hewani, na juu ya picha alama kubwa ya kukataza. Niliiona. Nikadhani fundi anajua.

Babu alifariki Jumatano moja ya mwezi wa nne. Mazishi yakapangwa Jumamosi. Siku mbili fundi hakuketi. Aliosha Pijo nje na ndani, akamwaga maji mpaka kwenye injini, akaifuta, akaipiga rangi nyuma pale jeneza litakapokaa. Ijumaa jioni aliiwasha mara tatu, na mara zote iliwaka.

Jumamosi ilinyesha ile mvua inayoingia mpaka kwenye mifupa. Saa tatu jeneza likapandishwa, mchungaji akaomba, akina mama wakaanzisha wimbo. Fundi akaingia na kanzu yake nyeupe, akageuza ufunguo. Stata ikazunguka, ikazunguka. Injini haikushika.

"Fundi, mtani wako amegoma kuondoka!" akasema mzee Jairo, jirani yetu. Watu wakacheka kidogo, na fundi naye akatabasamu. Alipojaribu mara ya nne hakuna aliyecheka.

Akafungua boneti. Mafundi wa umri wake wana namna yao ya kupima. Unachomoa ule waya mnene unaotoka kwenye koili, kile kinachokuza umeme wa plagi, unaushika kwa kitambaa, unausogeza karibu na chuma, mwenzako anapiga stata. Ukiona cheche ya buluu, umeme upo. Amefanya hivyo maisha yake yote.

"Erasto, piga!"

Cheche moja nene ikaruka, ta! Fundi akauvuta waya mbali zaidi apime nguvu yake.

"Piga tena!"

Hapo hakikuruka kitu. Nikaikumbuka ile picha. Lakini wazee walikuwa wamemzunguka. Nikaona si mahali pangu kumfundisha.

Alibadilisha plagi. Alibadilisha koili. Saa nne ikapita. Saa tano simu ikaja kutoka Masoko: kaburi linajaa maji, vijana wanachota kwa ndoo, na ukingo mmoja umeanza kumomonyoka. Mjomba Erasto akamshika fundi begani.

"Baba mdogo, tumhamishie kwenye Fuso ya Godwin." Godwin ndiye aliyekuwa ameleta waombolezaji kwa lori hilo.

"Dakika kumi, mwanangu."

"Kumi ulisema saa nne."

"Nilimwahidi, Erasto. Tulipeana mikono."

"Najua. Basi panda mbele na sisi, tumsindikize."

"Ninyi tangulieni. Naiwasha, nawakuta njiani."

Bibi Alinanuswe, dada yake babu, alijifunika kanga usoni. "Maiti akishapanda hashushwi," akasema. Lakini walimshusha, wanaume sita, wakamweka kwenye Fuso ambayo ndani yake yalikuwa yamebaki majani makavu ya migomba. Fundi hakugeuka kutazama. Kichwa chake kilikuwa ndani ya boneti.

Mimi nilibaki kuwapikia watakaorudi. Nilipoona saa saba imefika na kanzu ya fundi imekuwa nyeusi kwa grisi, nikampigia simu Ackson, fundi umeme kijana wa Tukuyu, nikamweleza ni gari gani na limefungwa nini. Akaja na bodaboda.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Tazama, mimi nimeshindwa."

Ackson alitazama bila kugusa. "Ulipima cheche?"

"Nilipima."

"Kwa kuchomoa waya na kuushika hewani?"

"Kwani nyie mnapimaje? Kwa simu?"

Ackson hakucheka. "Hivi vya elektroniki havitaki hivyo, mzee. Umeme wake ni mkali. Ukikosa pa kutokea unarudi kuunguza kisanduku. Hiki kimekufa."

"Na kabla sijapima? Mbona haikuwaka?"

Ackson akaufuata kwa kidole ule waya wa kisanduku unaofungwa kwenye bodi la gari. Akaugusa, ukacheza. Nati ilikuwa imelegea, na chini yake kulikuwa na kutu mbichi.

"Hapa. Umeme ulikuwa unashika na kuachia."

"Hapo tu?"

"Spana namba kumi, mzee. Nusu mzunguko."

Fundi akaishika ile nati, akaizungusha kwa vidole. "Maji niliyamwaga mimi," akasema.

Ackson alikuwa amekuja na kisanduku kingine, alichokitoa kwenye gari bovu. Akakifunga, akakwangua kutu, akakaza nati, akamwambia mzee awashe. Ikawaka mara moja, na ilikuwa bado inanguruma vizuri Fuso ilipoingia uani. Watu walishuka wana tope mpaka magotini. Mjomba Erasto akaja mpaka kwenye mlango wa Pijo.

"Imewaka," akasema.

"Imewaka."

"Tulikuita jina pale kaburini, baba mdogo. Mchungaji alisema rafiki wa marehemu atupe udongo. Tulingoja kidogo. Nikatupa mimi kwa niaba yako."

"Ndaga," fundi akasema. Ni asante ya Kinyakyusa. Akazima gari, akashuka, akamkabidhi Erasto ufunguo kwa mikono miwili.

"Njoo ule, Bushiri," bibi Alinanuswe akamwambia. "Hapa ni kwako. Hakuna anayekulaumu."

"Bora mngenilaumu, dada."

Akaingia chumbani kwake. Alitoka amevaa koti juu ya kanzu ile ile, mkeka wake wa kuswalia umekunjwa kwapani. Nikajua anakwenda msikitini. Nikamwambia, "Babu fundi, chakula kiko tayari."

"Wape wageni kwanza, Winfrida."

Msikiti uko chini, upande wa Tukuyu. Yeye alipofika barabarani alipanda juu, njia ya Mbeya. Hakuwa na haraka. Mvua ilikuwa imekatika, magari yanampita naye hayasimamishi. Mjomba Erasto amemtafuta mpaka Uyole, mwaka sasa hajaonekana, na kule Lindi hakuna anayemjua. Lakini siku ile mimi nilijua tu kwamba ameelekea upande usio wake. Nilisimama na mwiko mkononi mpaka mashamba ya chai yakamficha, halafu nikapakua chakula chake, nikakifunika kwa sahani nyingine. Kilikaa hapo mpaka Jumatatu.