Kesi Aliyoifungua Bi Shaka

Mtaa mzima ulimwita Bi Shaka, na jina lilimkaa kuliko gauni lolote aliloshona. Alikuwa fundi cherehani wa sare za shule, fundi kweli, mkono mwepesi, lakini roho yake haikujua kutulia. Ukimsifu mshono, anakuuliza unataka kukopa nini. Ukimsalimia mara mbili kwa siku moja, anakwenda kumuuliza jirani una nia gani. Chai akiletewa na mtu, anainusa kwanza. "Kikulacho ki nguoni mwako," alipenda kusema, huku anakutazama kola.

Alijaliwa watoto wawili wa kiume. Mkubwa alikuwa fundi bomba, mtu wa kazi, aliyempa mama yake chumba cha mbele cha nyumba yake aweke cherehani. Mdogo, kitinda mimba, alikuwa mwepesi wa maneno na mzito wa shughuli, na huyo ndiye binadamu pekee ambaye Bi Shaka hakuwahi kumtilia shaka hata chembe. Mapenzi ya mama, utafanyaje?

Mke wa mkubwa alikuwa muuza dawa. Basi hapo ndipo palipokuwa na kazi. "Mwanamke anayejua vidonge vyote kwa majina, wewe unamlaza kitandani kwako?" Bi Shaka alimwambia mwanawe. Mwanawe akacheka mpaka akashika mbavu.

Asubuhi moja huyo mkubwa alipanda juu ya paa kutazama tangi la maji lililokuwa linavuja. Bi Shaka alikuwa ametoka kununua vifungo. Aliporudi alikuta watu wamejaa uani, mwanawe amelala sakafuni hana uhai, na mkwewe amepiga magoti kando yake, kimya. Kitinda mimba hakuwepo. Alikuja jioni, akalia hadi akatapika.

Bi Shaka naye alilia mpaka sauti ikamwisha. Kisha, machozi hayajakauka, macho yakaanza kazi yao. Mbona mkwe hapigi mayowe? Mbona yeye na shemeji yake wananong'ona nyuma ya jiko, na mtu akikaribia wanaachana? Siku ya pili akajibanza ukutani, akamsikia mkwe anasema, "Nyamaza kabisa. Mama asijue." Ehe! Moyo ukampasuka Bi Shaka. Huyu mwanamke kamtilia mume dawa kwenye chai, kichwa kikamzunguka huko juu, akaanguka, na sasa anampumbaza na huyu mdogo. Hivyo ndivyo alivyoamini, na angeapa.

Siku ya mazishi, jeneza linatolewa mlangoni, akalikumbatia. "Mwanangu hazikwi mpaka apimwe!" Ndugu wakamsihi, wakamvuta, wapi! Mkwe akaja akampigia magoti mbele ya watu wote. "Mama, nakuomba, tumzike. Usilifungue jambo hili." Lo, hapo ndipo alipoharibu. Asiye na kosa anaogopa nini? Bi Shaka alijifunga kanga yake kiunoni akaenda zake polisi.

Alipokewa na mpelelezi mmoja mtu mzima, mpole, mwenye kikohozi. Akamsikiliza hadi mwisho.

"Kifo cha namna hii, mama, sheria inakigawa," alimweleza. "Kuna kuua kwa kukusudia. Mtu amedhamiria, akatenda. Hiyo adhabu yake ni kubwa kuliko zote. Kuna kuua bila kukusudia, kama ugomvi umezuka, mtu kasukumwa, kafa. Hapo ni jela, ila jaji anapima. Kuna kusababisha kifo kwa uzembe: ulipaswa kuwa mwangalifu, hukuwa, mwenzako akafa. Nayo watu wanafungwa. Halafu kuna ajali tupu, haina wa kushtakiwa."

"Nipe hiyo ya kwanza," alisema Bi Shaka.

"Mama, hapa si duka la vitambaa. Huchagui wewe. Ushahidi ndio unaochagua."

Daktari aliupasua mwili, hakuona sumu. Shingo ilivunjika kwa kuanguka, basi. Mwingine angeshukuru akazika na kutulia. Bi Shaka alizika, na jioni hiyo hiyo akawaambia wafiwa kwamba daktari kahongwa. Lakini faili lilikuwa limeshafunguliwa, na mpelelezi akaja nyumbani na swali lake mwenyewe: marehemu alipanda kwa ngazi ipi? Uani hapakuwa na ngazi. Wakaitafuta, wakaikuta stoo, imefunikwa magunia. Ufunguo wa stoo alikuwa nao mkwe.

Akawaita wote watatu kituoni, Bi Shaka, mkwe na kitinda mimba, akawakalisha kwenye benchi moja.

"Nani alificha ngazi?" aliuliza.

"Mimi," alisema mkwe.

"Kwa nini?"

Mkwe alikaza kanga yake kichwani.

"Usiponijibu, nitaandika kwamba ulimwondolea mumeo ngazi akaanguka. Unajua hilo ni kosa gani? Bado hujibu?"

Mkwe aliinamisha kichwa. Bi Shaka, Mungu amsamehe, aliona raha. Raha kabisa, ya kutaka kupiga kigelegele.

Ndipo kitinda mimba akasimama. "Shemeji, basi. Imetosha." Akamgeukia mpelelezi. "Kaka aliniambia nimshikie ngazi mpaka ashuke, maana sakafu ilikuwa na maji. Simu yangu ikalia. Nikaiacha ngazi, nikaenda getini kuongea na msichana. Nilikuwa nacheka, afande. Nikasikia kishindo. Nikakimbia. Ngazi shemeji aliificha kwa ajili yangu, watu wasiulize nani alikuwa ameishika."

Mpelelezi alikohoa, akachukua kalamu. "Vua mkanda na viatu," alisema kwa upole.

Bi Shaka alimrukia mkono. "Afande, nimesamehe! Nafuta kesi. Ni mimi niliyeifungua, naifunga mimi."

"Mtu akishakufa, mama, kesi si ya familia tena. Ni ya serikali."

Wakamchukua kijana, mlango ukafungwa nyuma yake. Wakabaki wawili kwenye benchi, mkwe na mama mkwe, na viatu vya kijana sakafuni.

"Kumbe ulijua," Bi Shaka alisema.

"Tangu siku ile ile. Kila siku alitaka kuja kukuambia, nikawa namzuia. Mmoja alikuwa amekwenda, mama. Nilitaka ubaki na huyu."

"Ungeniambia mimi! Mimi peke yangu, nikajua!"

"Ungesema namsingizia mwanao ili nifiche dawa niliyomtilia mume wangu," alijibu mkwe.

Bi Shaka alifungua mdomo abishe. Akaufunga. Ndivyo angesema, neno kwa neno.