Nusu ya Kushoto ya Uwanja

Nilipomwona Avelina kwa mara ya kwanza, alikuwa akicheza tenisi peke yake dhidi ya ukuta wa ghala la kahawa, na alitumia nusu tu ya uwanja. Mpira ukirudi kulia aliupiga kwa nguvu. Ukienda kushoto, au hata katikati, aliuacha upite, akasema polepole, "Yako." Kisha alitulia kidogo, kama anayempisha mwenzake. Hapakuwa na mtu mwingine. Mpira ulibingirika hadi majanini, naye akaenda kuuokota.

Hiyo ilikuwa Januari 1997, wiki yangu ya kwanza ya ualimu hapa Mbinga. Uwanja huo wa saruji uliachwa na misheni, na kwa miaka mingi chama cha ushirika kiliutumia kuanikia kahawa. Wanunuzi binafsi walipoingia, kahawa ikaacha kufika pale, na Avelina, aliyekuwa karani wa mizani, akapunguzwa kazini. Uwanja ukabaki mtupu, naye akaurudia.

Mwenzake aliitwa Ida, binti wa Lituhi, kijiji cha kando ya ziwa. Walijifunza pamoja wakiwa wanafunzi, walipokuwa wakiwaokotea masista mipira, na baadaye wakawa mabingwa wa mkoa mara nne katika mchezo wa wanawake wawili wawili. Ida alisimama kushoto, na mipira yote ya katikati ilikuwa yake. Machi 1993 mvua ilikata barabara ya Lituhi siku chache kabla ya mashindano ya Songea. Avelina akampelekea ujumbe asisubiri barabara, apande boti hadi Mbamba Bay, atoke huko kwa gari. Boti ilizama. Wengine walipatikana. Ida hakupatikana.

"Alitaka kusubiri," Avelina aliniambia. "Mimi ndiye niliyekataa."

Mwezi Februari ilikuja barua. Dar es Salaam kungekuwa na mashindano ya wachezaji wa kulipwa mwezi Mei, na jozi mbili za wanawake wa Tanzania zingepewa nafasi. Waandaaji walikuwa wameona majina ya Avelina na Ida katika orodha ya zamani. Avelina alikuwa na miaka thelathini na minne, na alijua barua ya pili haitakuja. Aliniletea fomu niijaze, kwa kuwa ilikuwa ya Kiingereza.

"Mwenzako ni nani, dada?"

"Andika Edina."

Edina ni mdogo wake Ida, na dada yake ndiye aliyemfundisha kushika raketi. Matanga ya Ida yalipomalizwa, ukoo ulimkalisha Edina mbele ya ndugu na kumrithisha jina la marehemu, kama ilivyo desturi yao. Tangu hapo Lituhi hakuna anayemwita Edina. Hata mama yake mzazi humwita Ida. Avelina hakuhudhuria siku ile, na hakuwahi kukanyaga Lituhi tena.

Edina alipanda kutoka ziwani, wakaanza mazoezi. Mimi na mwalimu wa michezo, Nicholaus, tulicheza dhidi yao, tukawashinda kwa urahisi wa kutia aibu.

"Piga katikati tu," Nicholaus aliniambia akicheka. "Pale hakuna mwenyewe."

Nikapiga katikati. "Yako," alisema Avelina. Edina alisimama pale pale, mpira ukapita.

"Edina, mbona husogei? Nimekuambia yako."

"Hukuniambia mimi, dada."

"Nimemwambia nani basi?"

Edina alifuta jasho. "Unamjua. Ukisema hivyo unaangalia nyuma yangu. Na mimi nahisi mtu anakuja kuupiga, nampisha."

Nicholaus aliacha kucheka. Akainama kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Nami nakiri kwamba, kwa siku kadhaa, kila nilipopiga upande ule nilijikuta nikisubiri mpira urudishwe na mtu nisiyemwona.

"Nyumbani wote wameniita Ida," Edina alimwambia Avelina jioni hiyo. "Umebaki wewe. Usipokuja kuniita, sipandi basi la Dar."

Jumamosi tuliteremka Lituhi, mimi, Edina na Avelina, yeye akiwa na unga na kuku. Mzee Othmar, baba yao Ida na Edina, alikuwa uani akimenya mihogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kiti chako kilibaki kitupu siku ile, mwanangu."

"Najua, baba."

Mkewe, Mama Hilda, alileta kata ya maji. Kwa desturi yao, anayekuja kumtambua mrithi humpa maji huku akimwita kwa jina alilorithi. Avelina aliishika kata, akatazama ziwa lililokuwa shwari nyuma ya nyumba. Kata iliinama bila yeye kujua. Maji yalimwagikia miguuni mwake, ikabidi mama aongeze.

"Ida," alisema mwishowe. "Pokea maji."

"Asante, dada." Edina akanywa yote.

"Nilikuambia usisubiri," Avelina akasema, na hakuwa akimtazama Edina.

Mzee Othmar aliweka kisu chini. "Hata mimi nilimwambia apande. Nilimbebea mzigo hadi botini."

Tuliporudi Mbinga, fomu ilibaki na jina la Edina, na uwanjani akawa Ida. Siku ya kwanza tu Nicholaus alijaribu tena katikati. "Yako, Ida," alisema Avelina, na mpira ukarudi kwa kasi ukampita Nicholaus miguuni. Avelina hakufurahi kama nilivyotarajia. Aligeuka akaangalia nyuma ya Edina kwa muda mrefu.

"Leo sisikii mtu," alisema. Sikujua kama alikuwa amepumzika au amefiwa upya.

Sasa ni Mei. Waliondoka juzi, Ijumaa, kwa basi. Mechi yao ya kwanza ni Jumanne saa kumi jioni, dhidi ya wageni wawili ambao tenisi ndiyo kazi yao. Edina ameahidi kupiga simu posta, na Nicholaus amekwisha kumwomba karani asifunge mapema. Mzee Othmar amepanda kutoka ziwani, amefikia kwangu. Asubuhi hii, baada ya misa, alinikuta mlangoni.

"Wameshacheza, mwalimu?"

"Bado, mzee. Leo ni Jumapili."

Akaitikia kwa kichwa, akavuta kiti, akakaa akiielekea posta.