Mkono wa Mama Hariri

Mimi ni fundi viatu, na ukuta uliotenganisha kibanda changu na karakana ya Mama Hariri ulikuwa wa mbao zilizopasuka. Kwa hiyo msije mkasema nilikuwa natega sikio. Yeye na mumewe waliongea kwao, mimi nikasikia kwangu, na hata ningeziba masikio kwa nta bado ningemsikia mumewe akipiga chafya. Mengine niliyaona kwa macho, maana kila asubuhi niliingia kwao kuazima hiyo nta, nikabaki kupiga soga mpaka wateja wangu wakaanza kuniita kwa hasira.

Kazi yao ilikuwa kufufua fito za kuvulia samaki, zile za zamani za mwanzi. Najua mtu atasema ufito ni ufito tu, unakata mwanzi, unafunga kamba, unakwenda mtoni. Hata mimi nilisema hivyo siku ya kwanza, na Mama Hariri akanitazama kama mtu aliyetema mate sakafuni kwake. Fito hizo hazikuwa mianzi mizima. Mwanzi ulipasuliwa vipande sita vyembamba, kila kimoja kikachongwa pembe tatu, kisha vikagundishwa pamoja hata usione vinapokutana. Ziliundwa kwa ajili ya kurusha chambo kisicho na uzito, nzi wa bandia wa manyoya aliyefungwa kwenye ndoana, kule juu kwenye mito ya maji baridi. Siku hizi watu wananunua fito za kiwandani, lakini bado wapo wanaourithi ufito wa babu juu ya kabati, umepinda, vanishi imebanduka, na hao ndio waliokuja kwao.

Karakana aliiacha baba yake Mama Hariri. Mumewe aliingia pale kijana, seremala wa milango, akaajiriwa kugundisha mianzi na kuinyoosha juu ya moto wa taa, akaishia kumwoa binti wa bosi. Tulimtania miaka yote kwamba alifuata mshahara akapewa mkwe. Yeye akashika mwanzi, mkewe akashika uzi. Vile vipete vinavyopitisha mshipi hufungwa kwenye ufito kwa uzi wa hariri, mzunguko kando ya mzunguko, bila fundo na bila mwanya wa kupita unywele, na hapo ndipo mwanamke yule alipolipata jina lake. Alikuwa wa mkono wa kushoto, uzi wake ukizunguka kinyume na wa mafundi wengine, hivyo kazi yake haikujificha popote ilipokwenda.

Halafu alikuwa na jicho. Fito nyingi hazina jina la aliyezitengeneza. Mama Hariri alikuwa akiupeleka ufito dirishani, anauzungusha polepole, anaangalia mafundo ya mwanzi yalivyopangwa, rangi pale moto ulipopita, umbo la kiungo cha shaba, kisha anakutajia aliyeuunda na aliyeukarabati baadaye na kuuharibu. "Huyu alikuwa na haraka," alikuwa akisema. "Huyu alikuwa mlevi, ona gundi." Ulimi wake haukuwa na msamaha. Viatu vyangu aliniambia vimeshonwa na mtu anayekimbizwa na polisi.

Ugonjwa wake wa kusahau ulianza na majina, tukacheka. Ukahamia kwenye njia ya kwenda sokoni, hatukucheka tena. Ulipofika kwenye vidole, mumewe ndiye aliyeugundua, kwa kuwa ufito wa mteja ulikuwa mezani umefungwa vipete vitatu upande huu na kimoja upande ule, nyuzi zimepandana kama magugu. Akakata uzi wote kwa wembe, na kwa miezi kadhaa akajifunza kwa siri kazi ambayo hakuwahi kuigusa, ili fito za watu zitoke pale zikiwa na heshima.

Lakini mkewe naye alihitaji kazi. Asiposhika uzi alikuwa akizunguka chumbani akilia kwamba baba yake atarudi amkute amekaa bure. Basi mume akautoa ufito wa mkwe wake, ule wa mwisho marehemu kuutengeneza, ufito pekee ambao ulikuwa mali yao, akamwekea mezani. Mama Hariri aliufunga asubuhi nzima kwa furaha, akiimba chini chini. Mchana alipolala, mume akaufungua uzi wote. Kesho yake nikamsikia mama akiuliza, "Leo kuna kazi?" na mume akijibu, "Ipo, imeletwa jana, mwenyewe anakuamini wewe tu." Siku zikaenda hivyo. Ufito mmoja, kila siku mgeni.

Binti yao aliyeishi mji mwingine alikuja kuona hali. Hakuwa mtoto mbaya, ila alikuwa na ile sauti ya watu waliokwishakata shauri njiani.

"Baba, unajichosha. Nitamchukua mama."

"Ukimtoa kwenye meza hii unanizikia mtu aliye hai."

"Na kwangu nina chumba kimoja tu, unajua. Siwezi kuwachukua wote wawili." "Haya. Akiwa anafanya kazi na ametulia, abaki. Siku atakapoacha, baba, namchukua, na tusilaumiane."

Mzee akakubali. Tangu hapo nilijua kwamba jirani yangu anaishi kwa uzi, na ninasema hivyo bila mzaha. Mkewe alipokaa vizuri mezani, mzee alipiga mluzi. Alipochelewa kukaa, hata nyundo yake niliisikia ikigonga kwa woga.

Siku mambo yalipoharibika, kosa halikuwa la mtu. Mchana, kabla mzee hajaufungua uzi wa siku ile, aliingia muuza nyama wa mtaa wa pili, mwanamume mnene mwenye haya, kabeba ufito aliorithi kwa baba mkwe. Alitaka kujua umetoka kwa nani. Mzee akamwambia angoje, akaanza kumpiga chenga za hapa na pale, maana mwenye jicho alikuwa amelala. Kumbe amekwisha amka. Akatoka na khanga begani, akauchukua ufito mikononi mwa muuza nyama bila kuulizwa, akaenda nao dirishani. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kopo la nta.

Jicho lilikuwa zima. Sijui niseme nini juu ya ugonjwa unaochukua njia ya sokoni ukaacha kitu kama kile. Alimtaja fundi, akataja na mwanafunzi wa fundi aliyebadilisha mpini, akamwambia muuza nyama baba mkwe wake alikuwa akiuegemeza ufito ukutani karibu na jiko, ndiyo maana umepinda ncha. Muuza nyama alicheka kwa furaha. Mzee alikuwa akitabasamu hadi machozi, na kwa kutabasamu kule akasahau kilichokuwa mezani.

Mama Hariri alikuwa amenogewa. Akaurudisha ule, akauchukua uliokuwa mezani.

"Huu ni wa baba," akasema. "Mwanzi wa baba huu, mafundo hayafuatani hata mawili." Kisha sura yake ikabadilika. "Nani kaufunga uzi hivi?"

Akaupeleka dirishani, karibu kabisa na kioo.

"Si mwanafunzi," akasema taratibu. "Mwanafunzi hukosea tangu mwanzo. Huyu anaanza vizuri. Tazama, mizunguko ya kwanza imelala sawasawa. Halafu katikati anapotea, anatafuta, haoni njia. Huyu mtu alikuwa anajua, sasa hajui." Akapitisha kidole juu ya hariri. "Na ni wa mkono wa kushoto."

Akautazama mkono wake wa kushoto. Nimeona watu wakipewa habari za msiba, lakini sijaona uso ukifunguka kama ule ulivyoanza kufunguka.

"Ni mimi," mumewe akasema.

"Wewe?"

"Mimi. Nimeufunga mimi."

"Wewe ni wa kulia. Tangu lini ukashika uzi?"

"Nilikuwa nakuiga," akasema mzee. "Nikajaribu kama unavyofanya wewe. Macho yangu yamekwisha, mke wangu. Mikono nayo hainisikii."

Rangi ikamrudia mkewe usoni. Aliamini, na nilimshukuru Mungu kwa uongo ule. Halafu zikaja hasira. Alimwambia mbele ya muuza nyama kwamba amemharibia baba yake kazi, kwamba mtu asiyejua lazima aseme hajui, kwamba asiguse tena uzi katika nyumba ile. Mzee aliinamisha kichwa akaitikia kila neno. Muuza nyama alichukua ufito wake akaondoka nao bila kuaga.

Tulidhani Mama Hariri atasahau. Alikuwa amesahau harusi yake, amesahau kwamba baba yake amekufa. Hili hakulisahau. Kila asubuhi alimtazama mumewe kwa mashaka, ingawa sababu yenyewe hakuikumbuka vizuri. Mzee akimwekea kazi mezani, anaisukuma: "Huyu akiwemo humu mimi sikai." Wateja wakiingia anawaonya wasimwachie yule bwana fito zao. Ikafika siku akaniuliza mimi, kwa sauti ya chini, ni nani aliyemwajiri mzee huyu na kwa nini analala ndani ya nyumba.

Nilipandwa na hasira. Nilimvuta jirani yangu nje nikamwambia, "Mweleze. Mwambie uzi ule ulikuwa wake. Unakula lawama isiyo yako na nyumba inakufa."

"Thubutu," akanijibu. Hakupandisha sauti. "Ukimwambia, usinijue tena. Acha anichukie mimi. Akijua ni yeye, atabaki na nani?"

Nilirudi kibandani kwangu, nikashika nyundo.

Binti akaja, kama walivyokubaliana. Mama alikuwa hagusi uzi tena, anashinda kitini akilia juu ya ufito wa baba yake. Hawakubishana. Mzee mwenyewe alimpangia nguo kwenye mkoba, akazikunja moja moja, akambebea mpaka kwenye teksi. Mimi niliacha kiatu cha mtu kwenye kalibu nikatoka kusimama naye, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kusimama naye.

Mama Hariri alikuwa amekwisha kukaa kwenye gari aliposhusha kioo, akamwita kwa kidole. Mzee akainama.

"Usione vibaya," akamwambia, na safari hii hakukuwa na ukali hata kidogo. "Una adabu, nimekuona. Ila kazi hii imekushinda. Tafuta nyingine."

"Nimesikia, mama."

"Una mke?"

"Ninaye."

"Basi nenda kamwambie ukweli kwamba huwezi tena. Usimfiche. Mwanamke akifichwa jambo kama hilo huumia sana."

Mzee alishika ukingo wa mlango. Binti, kule mbele, alikuwa amegeuzia uso dirishani.

"Nitamwambia," akasema, akampandishia kioo.